Kiti cha Utingo

Gari langu lina viti viwili. Kimoja nakalia mimi, kingine hakikaliwi, na barabara yote ya kutoka Mpanda kushuka Karema inajua hivyo. Watu wakiniona kwa mbali hawanyooshi mkono tena. Wanageukia mashambani wanasubiri vumbi langu lipite. Wengine wananiita mama roho mbaya. Nimewasikia kwa masikio yangu nikishusha mzigo dukani, wao wamekaa kwenye benchi wanadhani mwanamke akibeba boksi anakuwa kiziwi. Sawa, nina roho mbaya. Lakini wao wanakiona kile kiti mara moja nikipita, mimi niko nacho kutwa nzima.

Gari lenyewe ni kirikuu, vile vigari vya mizigo vyenye kichwa kifupi mbele na bodi nyuma. Alilinunua mume wangu. Wakati wa mavuno alikuwa anabeba magunia yake ya mpunga na mahindi, na siku nyingine zote alikuwa anabeba watu, tena bure. Hakuwa na uwezo wa kumpita mtu barabarani. Atasimama kwa mama mwenye ndoo, atasimama kwa mzee mwenye kuku, atasimama hata kwa mtu aliyekaa zake kivulini anapumzika, amuulize, "Vipi, unaelekea wapi?" Mimi nilikuwa nasukumwa katikati, kirungu cha gia kinanigonga goti, huku mtu nisiyemjua ananiegemea na kuku wake. Nilikuwa nagomba, jamani! Nilikuwa nagomba kutoka Kabungu mpaka mjini. Yeye anacheka tu na kuongeza sauti ya redio.

Watu wa mume wangu ni Wasukuma. Walikuja huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini yeye akiwa bado mgongoni mwa mama yake, wakaweka mji wao Kabungu. Mimi ni mtoto wa makazi ya wakimbizi. Wazazi wangu walitoka Burundi, mimi nikazaliwa huku huku, uraia tukaupata nikiwa mtu mzima. Wazazi wamezikwa huko makazini. Ndugu zangu waliobaki walirudi Burundi. Simu zao zilikuwa zinapatikana, halafu zikawa hazipatikani. Mtoto hatukujaliwa. Kwa hiyo mume wangu alipougua ghafla na kufa, mtu wa kumwita wangu alibaki mmoja tu, mama mkwe.

Mama mkwe ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti inayotoka zizini ikafika barabarani. Yeye naye ni mjane wa siku nyingi, anakaa na mwanawe mkubwa, ambaye ni shemeji yangu, pamoja na wajukuu. Lugha yetu mimi na yeye ni Kiswahili tu. Yeye anakivuta kwa Kisukuma, mimi nakivuta kwa Kirundi, tunakutana katikati. Namwita mayu, yaani mama, na nikimsalimia napiga goti kama wakamwana wote wa pale. Na jina lake sijalitamka hata siku moja, kwa sababu kwa watu wa mume wangu mkamwana hatamki jina la mkwe. Hata ukikutana na mtu baki mwenye jina hilo, unamtafutia jina lingine la kumwitia. Kuna mwanamke mmoja sokoni ana jina kama la mkwe wangu. Mimi namwita jirani mpaka leo, wala si jirani yangu, na sijawahi kumweleza kwa nini.

Baada ya matanga, ukoo ulikaa kikao, na maneno yakaja kwenye gari. Mwanamke hana mtoto, ni mtu wa kabila lingine, gari abaki nalo la nini? Nilikuwa nimekaa mkekani nje, nasikia kila kitu, nafsi imenisinyaa. Ndipo mama mkwe akapaza ile sauti yake. Akasema gari linabaki kwa mkamwana, maana ndiye aliyekuwa anakaa ndani yake na mwanawe. "Mimi sitaki bati wala tairi," akasema. "Mimi nataka kiti. Siku nikienda kanisani au hospitali, anipitie." Hakuna aliyebisha. Nikapewa ufunguo.

Leseni nilikuwa nayo, mume wangu alihangaika nayo mwenyewe akisema siku moja nitamwendesha akiwa mzee. Mavuno yakapita, magunia yakaisha, nikasikia habari za kazi ya simu. Kuna kampuni inafanya hivi: watu wanaagiza vitu kutoka Dar, vinakuja na basi mpaka stendi ya Mpanda, oda inalia kwenye simu za madereva wenye magari yao, anayewahi kubonyeza ndiye anapeleka. Si ajira. Hakuna bosi, hakuna mwenzako, hakuna hata wa kugombana naye, na mimi bila mtu wa kugombana naye naumwa. Nimepeleka vipuri vya mashine za mitumbwi Karema, dawa za kuogeshea ng'ombe Kabungu, mawigi Kakese. Nilishapeleka gauni la harusi. Bibi harusi alilipokea mlangoni, akalikumbatia, akaanza kulia kwa furaha, akafunga mlango. Mimi hakuniona. Ndivyo kazi ilivyo, watu wanaangalia mzigo. Kuna siku inapita nzima sijasema chochote isipokuwa "mzigo wako" na "nitajie namba".

Kabla ya kunikubali, kampuni ilitaka bima. Nikawatumia picha ya bima aliyoiacha mume wangu. Ikarudi, imekataliwa. Nikapandwa na hasira, nikaenda mpaka kwenye ofisi ndogo ya bima nyuma ya stendi kuuliza kulikoni. Niliyemkuta ni kaka mmoja ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Akanipa shikamoo, akanipa kiti, akaniambia taratibu.

"Mama, hii ni bima ya matumizi binafsi. Mzee alikuwa anajibebea mazao yake. Wewe sasa unabeba mizigo ya watu kwa malipo. Siku ukigonga, wakikuta vifurushi vya kampuni huko nyuma, wewe ni sawa na mtu asiye na bima."

"Si gari ni lile lile?"

"Gari ni lile lile. Kazi siyo ile."

Nikakata bima ya biashara, ya gari la mizigo, tena bima kubwa maana kampuni ilisisitiza. Nilikuwa nimeshasimama niondoke nilipouliza, "Na mtu nikimpa lifti?"

Akatikisa kichwa. "Bima inakujua wewe na inaujua mzigo. Mtu mwingine humo ndani haimjui. Akiumia, hilo ni lako wewe na yeye na mahakama. Na kampuni wakisikia umebeba abiria, wanakufungia simu."

Nilidhani ananitisha. Lakini haukupita muda, dereva mmoja wa kazi hizi hizi, baba wa watoto, akampa lifti mama mmoja kwenye kona za kushuka Karema, ziwani. Gari likalala ubavu, mama wa watu akavunjika nyonga. Bima ikatengeneza bati na vioo. Kwa yule mama, ikasema haimjui. Gari likauzwa kumtibu, kiwanja kikafuata. Na yule mama na yule dereva walikuwa mtaa mmoja, familia zao zinachota maji bomba moja! Nilipita nyumbani kwa yule dereva nikiwa na mzigo wa mtu mwingine, nikakuta kufuli mlangoni na majani yameota kizingitini. Hapo ndipo nikaacha kusimama.

Nyie hamjui maana ya kumpita mtu kwenye barabara ile. Mwanzoni nilikuwa nasimama kueleza. "Siwezi, ni mambo ya bima." Bima kwa watu wengi wa kule ni ile kadi ya hospitali. "Kwani nimekwambia naumwa?" mzee mmoja aliniuliza, amekasirika kweli kweli, na fimbo yake mkononi. Nikaeleza, nikaeleza, nikachoka. Nikawa naongeza mwendo, macho mbele, na kile kiti pembeni yangu kinatikisika chenyewe kwenye mashimo.

Sasa siku yake ikafika. Ilikuwa asubuhi, natoka Karema na maboksi ya dagaa ya kuwahisha basi. Pale Kabungu nikamwona mama mkwe amesimama kando ya barabara, amevaa kitenge cha kanisani, na mkoba. Sikumpita. Nani angempita? Nikasimamisha gari, nikashuka, nikapiga goti kwenye vumbi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Nakwenda hospitali, macho yananisumbua." Na mkono wake tayari uko kwenye mlango.

Nikamweleza nikiwa bado chini, vumbi limenijaa magotini. Nikamweleza bima, nikamweleza yule dereva na yule mama wa nyonga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kiti ni kitupu," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Na mimi nasimama."

"Nitakuitia bodaboda, nitamlipa mimi."

"Bodaboda anaijua hiyo bima yako?"

Hapo alinipata. Akauachia mlango. "Mwanangu alikuwa anampakia hata mlevi," akasema, akasogea kando ili nipite. Nikapanda, nikawasha. Kwenye kioo nilimwona amesimama pale pale. Hakugeukia mashambani kama wanavyofanya wengine. Aliniangalia mimi mpaka nikaingia kona.

Mpaka leo sioni kosa langu. Angeumia mle ndani, ningekwenda kumwambia nini mwanawe kaburini? Lakini mtu anaweza kuwa na haki yake na akalia njia nzima. Nililia mpaka Mpanda, kamasi na vumbi, mpaka trafiki akanisimamisha akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Tangu siku hiyo mama mkwe hakuniongelesha. Nikienda kumsalimia ananiitikia, maana heshima ni heshima, halafu anaingia ndani kupepeta mchele ambao ulishapepetwa. Kiangazi chote kiliisha hivyo. Nilikuwa nashinda barabarani, nikirudi nyumbani nasemezana na sufuria. Redio ya gari ikafa na sikuitengeneza, kwa sababu ilikuwa ikiimba naisikia ile sauti ya mume wangu akicheka.

Halafu nikasikia, tena sokoni, hata si kwao, kwamba shemeji anahama. Malisho yamebana, anapeleka ng'ombe kusini, huko mbali wanakokwenda Wasukuma wengi siku hizi, na mji wote unakwenda naye. Mji wote maana yake na mama. Nilikuwa nimeshika nyanya, nikazirudisha mezani. Yule ndiye mtu wa mwisho duniani anayeniita mwanangu, na anaondoka akiwa amenikasirikia. Akishaondoka mimi ni nani hapa? Nitakuwa mjane wa watu waliohama. Niliogopa, sitaki kuficha. Niliogopa kuliko siku niliyofiwa, maana siku ile yeye alikuwepo.

Nikaenda kwa kaka wa bima. Sikuwa na mpango wowote, nilikwenda kugomba tu. Nikamwambia aniuzie bima ya mtu mmoja, sitaki abiria wote wa Katavi, nataka mmoja. Akasema abiria hapana, gari la mizigo ni gari la mizigo. Nikapiga meza yake. Aliniangalia, akafikiri kidogo, akasema, "Abiria hapana. Utingo, ndiyo."

"Utingo?"

"Mfanyakazi wako wa kupakia na kushusha. Huyo tunamwongeza kwa jina, na kampuni inamtambua. Lakini awe utingo kweli, mama. Afanye kazi. Akikaa tu, huyo ni abiria."

"Atafanya."

"Ana nguvu?"

"Kukushinda wewe."

Akacheka, akavuta kompyuta yake. "Haya, jina lake."

Nikaangalia mlango.

"Mama, jina la utingo."

"Siwezi kulitaja."

"Hulijui?"

"Nalijua."

"Sasa?"

"Halitajwi."

Akaondoa mikono kwenye kompyuta. "Mama, unataka kuniletea mfanyakazi hewa?"

Akanisogezea kalamu na karatasi, basi niandike tu. Nikaishika ile kalamu. Ningeandika, nani angejua? Lakini fikirieni. Mume amekufa, mtoto sina, watu wake wanahama. Kitu kilichobaki cha kuonyesha kwamba mimi niliolewa pale ni kwamba lile jina halimo kinywani mwangu. Nikamrudishia kalamu yake. Nikamwambia nitamleta mwenyewe ajitaje.

Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikapiga goti. "Mwadila, mayu." Akaitikia, akaanza kujiinua aende zake ndani.

"Mayu, nimekutafutia kazi."

Akakaa tena. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kumwambia maneno hayo maisha yake yote. Nikamweleza, naeleza haraka haraka kabla hajabadili mawazo.

"Utingo?" akasema. "Mimi nining'inie nyuma ya gari?"

"Utakaa mbele."

"Kwenye kiti changu?"

"Kwenye kiti chako. Ila lazima uje mjini utaje jina lako, mimi limenishinda."

Akauweka chini ule ungo. "Walitaka ulitaje?"

"Walitaka, mayu."

"Ukakataa."

"Nikakataa."

Basi akaanza kucheka. Alicheka huku anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, mpaka wajukuu wakatoka ndani kuangalia kuna nini. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kucheka kwa sababu yangu. Nami nikacheka, nikiwa bado nimepiga goti, maharage yametapakaa.

Pale kwenye ofisi ya bima hakukubali kukaa. Alisimama wima mbele ya meza, akataja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti ile ya zizini, mpaka watu wa duka la pili wakachungulia. Mimi niliangalia sakafu. Kaka wa bima akamuuliza, "Kazi yako, bibi?"

"Utingo," akasema.

Alikuwa amesikia kwamba akikaa tu ni abiria, basi hakukaa tu. Vifurushi vidogo alikuwa anavipakata, haviweki chini. Alikuja na mto wake wa kukalia, aliushona mwenyewe kwa vipande vya vitenge, akisema kiti cha serikali kigumu. Kwake yeye kitu chenye karatasi ni cha serikali. Tukifika anashuka kabla sijazima gari. Kakese kuna mteja ana tabia ya kutuweka nje akimalizia kusuka nywele. Mama mkwe akaenda mpaka dirishani kwake. "We mama! Toka huko, watu wana kazi!" Nikajificha nyuma ya usukani kwa aibu. Na hakuna aliyepewa mzigo bila salamu. "Shikamoo kwanza," anasema, boksi amelikumbatia. Watu wakaanza kutuuliza habari za safari. Wengine wakatupa maji ya kunywa, na kwa mara ya kwanza nikajua sura za wateja wangu mwenyewe.

Siku aliyoliona ziwa pale Karema alisimama kimya, nikadhani anaomba. Kumbe anasikitika. "Maji yote haya," akasema, "na hakuna ng'ombe hata mmoja!" Na njiani watu wakinyoosha mkono, yeye ndiye anayetoa kichwa dirishani. "Haiwezekani! Bima haiwajui!" Eti yeye!

Lakini zaidi ya yote alikuwa ananisimulia mwanawe. Alivyokuwa mdogo, alivyokuwa anawapakia watoto wa majirani wote kwenye mkokoteni, mpaka maksai wanalala chini wanagoma. Sikuwahi kuyasikia hayo, mume wangu hakuwa mtu wa kujisimulia. Mvua inapiga kioo, tunakwenda polepole, mtu wangu aliyekufa anakuwa mtoto humo ndani katikati yetu. Nilikuwa na furaha. Nikaanza kuamini kwamba habari za kuhama zimekufa.

Hazikufa. Mvua zilipokatika, tukiwa tunapanda kutoka Karema, akaniambia ng'ombe wameshatangulia.

"Baki," nikamwambia. Sikuzungusha. "Una kazi, una kiti, kwangu kuna chumba. Baki na mimi, mayu."

Alikaa anapapasa boksi alilopakata. "Kazi ninayo," akasema. "Lakini wajukuu wanaondoka."

Angeweza kuongeza neno hapo, kuhusu mimi na wajukuu ambao sikumpa. Hakuliongeza, na nitamshukuru mpaka nife. Aliniwekea mkono gotini, pale pale kirungu cha gia kilipokuwa kinanigonga enzi zile, tukaenda hivyo mpaka Kabungu.

Siku ya basi nilimpitia asubuhi. Niliitikia oda ya kutoa kifurushi Kabungu kupeleka stendi, ili awe kazini. Alikipakata njia nzima. Tukafika, akashuka nacho, akakikabidhi kwa watu wa basi, akarudi kuniambia, "Kimefika." Ndipo akaenda kupanda. Shemeji aliniaga vizuri, hana ubaya yule mtu. Akaniambia sasa niko huru, nikitaka kuolewa niolewe, hata jina la mama sasa naweza kulitaja. Alidhani ananipa zawadi. Nikaona mto umebaki kwenye gari, nikakimbia nao mpaka dirishani kwa mama mkwe. Akaurudisha.

"Nitakalia nini nikirudi?" akasema.

Basi likaondoka. Nilikaa kwenye gari pale stendi, simu inalia oda, inalia, madereva wengine wanazichukua. Sikubonyeza hata moja siku hiyo.

Huwa ananipigia mtandao ukiwepo, kwa simu ya mjukuu. Anauliza wa Kakese siku hizi anatoka haraka? Anauliza mvua. Mimi namwambia yote, halafu simu inakatika, nabaki naangalia ule mto. Watu hawatupi tena maji ya kunywa. Wanauliza, "Yuko wapi bibi?" wakisikia kasafiri wanachukua mzigo wao.

Juzi bima iliisha. Nikaenda kwa kaka yangu yule yule.

"Utingo yupo bado?" akaniuliza. "Simuoni siku hizi. Kama hayupo tumtoe, upunguziwe."

"Yupo."

Akaniangalia kidogo. "Sawa. Ila mfumo umebadilishwa, unataka majina upya, na la kwake limenitoka. Nitajie."

Ofisi ilikuwa na watu wawili wanasubiri nyuma yangu. Lile jina lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, na nilikuwa na ruhusa ya kulitaja. Nikatoa simu nikapiga. Iliita mpaka nikakata tamaa. Akapokea mjukuu, nikasikia anakimbia, nikasikia ng'ombe, halafu sauti yake. Nikaiweka simu mezani wote wasikie.

"Mayu, niko kwa watu wa bima. Wanataka jina."

"Wewe hujalitaja?"

"Sijalitaja."

Basi akalitaja. Lake, la baba yake, la babu yake, vile vile, na mimi nikaangalia sakafu. Kaka wa bima akaandika, halafu akashindwa kujizuia. "Bibi, mbona nasikia ng'ombe? Wewe utingo gani?"

"Niko likizo," akasema.

Watu nyuma yangu wakacheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa ameshaanza kuongea na mimi, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "Mwanangu, kuna mtu amekaa?"

"Hakuna, mayu."

"Likizo yenyewe ndefu," akasema. "Miguu inakataa. Lakini wewe kata hiyo bima."

Simu ikafa. Nikakata bima. Kaka wa bima hakuuliza tena kitu, akanitolea karatasi yangu: dereva mmoja, utingo mmoja. Nikaingia kwenye gari, oda ikalia, ya Karema. Nikaweka kifurushi juu ya mto, nikakifunga mkanda. Pale Kabungu alikuwepo mama amesimama na ndoo. Alipolitambua gari akashusha mkono, akageukia mashambani.

Nikampita. Najua mnavyoniita. Lakini kile kiti kina mwenyewe.